Swali la Nane

Mji wetu una majina mawili, moja la Kiromania na moja la Kihungaria, na ukitaja moja tu, aliye mbele yako ameshajua umesimama upande gani. Kwa hiyo sitautaja. Uko kwenye vilima vya Transilvania, una kanisa la Waorthodoksi, la Waromania, upande mmoja wa uwanja na la Wakalvini, la Wahungaria, upande wa pili, na mimi, Rodica, nilikuwa mkutubi wake kwa miaka ishirini na sita. Baba yangu alikuwa Mromania, mama yangu Mhungaria. Nilipokuwa mdogo nilidhani katika kila nyumba watu hununiana kwa lugha mbili.

Mwaka 2006, miezi michache kabla nchi haijaingia Umoja wa Ulaya, Meya alikuja maktaba na bahasha. Umoja ulikuwa tayari kututengenezea paa, mradi mji uandike kijitabu cha maswali kumi makuu ya historia ya Ulaya, yaelezwe kwa maneno mepesi ambayo hata fundi bomba na muuza jibini watayaelewa. Sharti lilikuwa moja. Waandishi wawe wawili, mmoja kutoka kila lugha, na kila ukurasa utiwe sahihi na wote wawili.

"Nani na nani?" nikamuuliza.

"Usijifanye hujui," akasema, macho yake kwenye ndoo iliyokuwa ikikinga maji katikati ya chumba.

Nilijua. Walimu wa historia waliostaafu tulikuwa nao wawili tu. Leontin Pojar alifundisha mkondo wa Kiromania, na mimi nilikuwa mwanafunzi wake. Emőke Bartalis alifundisha mkondo wa Kihungaria. Kwa miaka thelathini na mmoja walikunywa kahawa katika chumba kimoja cha walimu bila kupeana sukari. Shule ilikuwa na ramani moja nzuri ya Ulaya, na kila mmoja alikuwa akimfichia mwenzake. Sasa Leontin alikuwa na miaka sabini na minne, mrefu, sauti nzito ya kwaya. Emőke alikuwa na sabini na mmoja, mdogo wa umbo, mgongo umenyooka kama rula.

Tulikubaliana kukutana kila Jumanne alasiri, karibu na jiko la vigae la kupasha chumba joto, kwa sababu ndipo pasipovuja. Jumanne ya kwanza Emőke alinisalimia kwa Kihungaria, akaniuliza habari za mama, akakaa, kana kwamba kiti cha pili kilikuwa kitupu. Leontin alikielewa Kihungaria vizuri kama mimi.

"Mwambie mama huyu," akaniambia, "kwamba nimeleta ukurasa wa kwanza."

"Mwambie mzee huyu nina masikio," akasema Emőke, safari hii kwa Kiromania.

Swali la kwanza lilikuwa: kwa nini Roma ilianguka? Leontin alikuwa ameandika vizuri, sitamnyima haki yake. Alisema Roma haikuanguka kama mti, ilichoka kama mzee mwenye mashamba makubwa na watoto wachache. Ikaanza kuacha shamba moja moja, na nchi yetu ilikuwa kati ya za kwanza kuachwa. Askari wakaondoka, wakulima wakabaki, na sisi ndio wajukuu wao.

Emőke aliweka kidole chake kwenye neno "wakabaki".

"Uliwahesabu?"

"Mkulima hahami kwa sababu askari kahama. Shamba atamwachia nani?"

"Atamwachia yeyote mwenye mkuki. Walikimbia wote, Mwalimu. Hakuna jiwe linalosema walibaki."

"Na ninyi mlipokuja na farasi zenu miaka mia sita baadaye, mliwakuta nani hapa? Sungura?"

"Tulikuta msitu. Ninyi mlishuka baadaye na kondoo wenu, mkasema msitu ulikuwa wa babu."

Ukurasa ule ulituchukulia wiki tatu. Mwisho niliandika mwenyewe kwamba wengine wanasema watu walibaki na wengine wanasema waliondoka, na kwamba maandishi ya miaka ile ni machache mno kumaliza ubishi. Leontin alitia sahihi akiguna. Emőke alitia yake kama mtu anayefuta tope kwenye kiatu.

Maswali mengine yalikwenda haraka. Kwa nini Wakristo wa Ulaya waligawanyika: Jumanne mbili. Kwa nini Wafaransa walimkata mfalme wao kichwa: alasiri moja, maana mfalme yule hakuwa na jamaa mjini kwetu. Nilianza kuona paa jipya kwa mbali. Kisha mwezi wa tisa tukafika swali la nane.

Swali lilikuwa hivi: baada ya Vita vya Kwanza mipaka ya Ulaya ilihamishwa, hilo lilikuwa na maana gani kwa watu wa kawaida? Mwongozo wa Umoja ulishauri tutumie mfano wa mtaani kwetu. Emőke akasema mfano anao. Jumanne iliyofuata alileta ukurasa ulioandikwa kwa mkono, na akausoma mwenyewe kwa sauti.

Ulikuwa juu ya nyumba ya mwalimu, ile iliyo nyuma ya kanisa la Wakalvini, ambayo leo ni duka la dawa za mifugo. Mwaka 1921 aliishi humo babu yake, mwalimu mkuu wa shule. Nchi ilikuwa imeshahama chini ya miguu yake: alilala Hungaria, akaamka Romania. Serikali mpya ilimtaka aape utii kwa mfalme mpya, akakataa. Akapewa siku tatu. Akapanda treni na mkewe na watoto wanne, na huko Hungaria nyumba zilikuwa zimejaa wakimbizi kama yeye, kwa hiyo waliishi ndani ya behewa la mizigo, kituoni, miezi kumi na saba. Mtoto wa mwisho, msichana wa miaka miwili, alifia humo. Mtoto mkubwa, aliyekuwa na miaka kumi, ndiye aliyekuja kuwa baba yake Emőke.

Mstari wa mwisho ulisema: "Mwalimu mpya aliingia nyumbani supu ikiwa bado ya moto mezani."

Mwalimu mpya alikuwa Pojar, baba yake Leontin. Mji mzima ulijua.

"Nani amekwambia supu ilikuwa ya moto?" akauliza Leontin.

"Bibi yangu."

"Bibi yako alikuwa ndani ya treni. Supu aliiona kwa darubini?"

"Aliipika."

"Siku tatu alizopewa, na akaacha supu mezani. Huo ni mchezo wa kuigiza, Mwalimu. Sitii sahihi."

"Usitie. Paa livuje."

Leontin alisimama, akavaa kofia yake, na akatoka bila kuniaga. Jumanne mbili hakuja. Nilimfuata nyumbani kwake na chupa ya pombe ya plamu ya baba yangu. Aliichukua, akanifungia mlango.

Jumanne ya tatu alirudi. Hakukaa. Aliweka karatasi moja juu ya meza, mbele ya Emőke.

"Umeandika supu," akasema. "Haikuwa supu. Nimekuandikia kilichokuwepo."

Emőke alivaa miwani. Mimi nilisimama nyuma ya bega lake nikasoma naye. Sentensi zilikuwa tatu tu. Zilisema kwamba mwalimu mkuu alikuwa na mwalimu msaidizi, kijana Mromania wa miaka ishirini na minne, aliyekula mezani pake kila Jumapili. Kwamba mwalimu mkuu alikuwa anafikiria kuapa, kwa ajili ya watoto. Na kwamba msaidizi yule aliandika barua kwa wakubwa kusema mzee anawafundisha watoto nyimbo za nchi ya zamani, kabla mzee hajaamua. Na kwa barua hiyo mzee akafukuzwa, na msaidizi akapewa nyumba.

Kuni zililia ndani ya jiko. Emőke alisoma mara ya pili.

"Nani alikwambia?"

"Mwenyewe. Hospitalini, mwaka sabini na moja. Alitaka nimwite padri, halafu akabadili mawazo akaniambia mimi."

"Miaka thelathini na mitano umekaa nayo."

"Na ningekufa nayo. Lakini siwezi kukaa nasomewa habari za supu na mtu kama wewe."

"Shangazi yangu alikuwa na miaka miwili," akasema Emőke polepole. "Walimzika nyuma ya ghala la makaa."

"Nimesoma. Basi na wewe andika la kwako. Andika mwaka arobaini."

Hapo nilimwona Emőke akivua miwani na kuikunja, polepole sana.

Mwaka 1940 wakubwa wa Ujerumani na Italia walikaa Vienna wakachora mpaka upya, na mji wetu ukarudi Hungaria kwa miaka minne. Jeshi la Hungaria lilipoingia, mwezi wa tisa, baba yake Emőke alikuja nyuma yake akiwa na mke na binti wa miaka mitano, na akaenda moja kwa moja kwenye nyumba ile. Leontin alikuwa na miaka minane.

"Babu yako alipewa siku tatu," Leontin akasema. "Sisi tulipewa saa moja. Mvua inanyesha. Mama yangu ana mimba ya miezi saba. Na vitabu vya baba yangu vyote vikarundikwa uani, chini ya paa la banda, vikachomwa."

"Baba yangu alikuwa mwalimu. Hakuchoma kitabu."

"Ulikuwepo."

"Nilikuwa na miaka mitano. Sikumbuki kitu."

"Mimi nakukumbuka. Ulikuwa na koti jekundu."

"Watoto wote walikuwa na makoti mekundu," akasema Emőke, akainuka. Aliniaga kwa Kihungaria na kunibusu mashavu yote mawili, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, na midomo yake ilikuwa baridi.

Sijui nani aliivujisha karatasi ya Leontin. Si mimi, ingawa watu walidhani hivyo. Ndani ya wiki moja ilikuwa sokoni, na wiki ya pili Meya alilazimika kuitisha mkutano katika ukumbi wa utamaduni, siku ya Jumapili baada ya ibada. Waromania walikaa kushoto, Wahungaria kulia, kama kwenye harusi ambayo kila upande umekuja kuizuia.

Wa kwanza kusimama alikuwa Gavril, kiongozi wa kwaya ya Waorthodoksi, ambaye Leontin aliimba chini ya mkono wake tangu ujana.

"Leontin, ndugu yangu," akasema, "marehemu baba yako alinifundisha kusoma. Leo unamfukua na kumchapa viboko mbele ya watu hawa. Wamekupa nini?"

"Hawajanipa kitu."

"Basi futa."

"Ni kweli, Gavril."

"Kweli ngapi ziko duniani? Lazima hii ndiyo uwape?"

Watu wa kushoto walipiga miguu sakafuni. Mwanamke mmoja alisema mwana anayemtia baba yake aibu hana tofauti na nguruwe anayefukua kaburi. Leontin alisimama tu, kofia mkononi.

Kisha akainuka Dénes, mwenye bucha, upande wa kulia. Alikuwa anatabasamu.

"Mimi nampongeza Mwalimu Pojar," akasema. "Miaka themanini na mitano tunasubiri mmoja wao aseme ukweli. Nyumba waliiba, nchi waliiba, na leo mwana wa mwizi amekiri. Njoo bucha kesho, mzee, nikupe soseji bure."

Upande wa kulia walicheka na kupiga makofi. Niliona shingo ya Leontin ikibadilika rangi. Matusi ya watu wake aliyavumilia. Makofi yale yalimchoma.

"Kaa chini, Dénes," akasema. "Sikuandika ili wewe ucheke. Na mama huyu," akamnyooshea Emőke kofia, "simpendi. Sikuwahi kumpenda. Ana kiburi, na akiwa darasani aliwafundisha watoto wenu nusu ya kila kitu. Mimi pia niliwafundisha wetu nusu. Sasa nimeandika nusu yangu ile nyingine. Muulizeni yeye kuhusu mwaka arobaini."

Ukumbi mzima uligeuka. Emőke alikuwa mstari wa tatu, mkoba mapajani. Meya alimuuliza kama ana la kusema.

"Sina," akasema.

Upande wa kulia walipiga makofi tena. Yeye hakuangalia upande wowote. Alitoka kupitia mlango wa pembeni, na Leontin akatoka kwa mlango wa mbele, katikati ya watu waliomgeuzia mgongo mmoja baada ya mwingine. Gavril alimtumia barua siku iliyofuata: kwaya ilikuwa imejaa.

Siku ya mwisho ya kutuma kazi ilikuwa Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na mbili. Kurasa tisa zilikuwa zimeshatiwa sahihi. Ule wa nane, niliouandika upya na sentensi za Leontin badala ya supu, ulikuwa na sahihi ya Leontin tu. Saa nane mchana Emőke aliingia, theluji kwenye mabega, akauchukua ukurasa bila kukaa, akaandika chini kwa kalamu yake: "Mwaka 1940 mwana wa mwalimu aliyefukuzwa alirudi, akawatoa wenye nyumba kwa saa moja. Mama alikuwa mjamzito. Mvua ilikuwa inanyesha." Akatia sahihi.

Leontin alikuwa ameketi kando ya jiko. Nilimpelekea. Alisoma akiwa ameishika karatasi mbali na macho.

"Umesahau vitabu," akasema.

"Naandika ninachokijua."

"Mvua unaikumbuka, tumbo la mama yangu unalikumbuka, vitabu hukumbuki."

"Mvua aliniambia mama."

"Na vitabu hakukwambia?"

Emőke alifunga vifungo vya koti lake, kimoja kimoja, mpaka shingoni. "Rodica," akanigeukia, "posta inafungwa saa tisa."

Nilimtazama mwalimu wangu. Nilimwomba kwa macho, nakiri. Nilikuwa nawaza paa, na ndoo, na rafu mbili za vitabu vilivyokwisha kuoza. Kwa sababu nyongeza ile ilikuwa imeandikwa chini ya sahihi yake, alitakiwa kutia tena. Alichukua kalamu.

"Miaka thelathini na mmoja nilijua ni mwongo," akasema mwishowe, akiniambia mimi kana kwamba mwenzake ameshaondoka. "Sikujua kama ni mwoga pia." Akatia sahihi, na akaisukuma karatasi kwa nguvu mpaka ikaanguka chini. Mimi ndiye niliyeiokota.

Kijitabu kilitoka wakati wa masika, nakala mia tano. Paa likatengenezwa. Nisingependa kusema watu walijifunza, maana sikuona hivyo. Nakala nyingi zilirudi maktaba zimechanwa ukurasa wa nane, nyingine nusu ya juu, nyingine nusu ya chini, kutegemea nani aliazima. Sokoni niliuziwa mbegu za alizeti ndani ya koni ya karatasi, nikaifungua nikakuta Wafaransa na mfalme wao. Wahungaria walimshutumu Emőke kwa sentensi zake tatu kama Waromania walivyomshutumu Leontin kwa zake. Dénes alianza kumpimia mifupa mingi kuliko nyama. Emőke na Leontin wakikutana uwanjani, kila mmoja alihamia upande wa pili, na kwa kuwa wote walihama kwa wakati mmoja, mara nyingine walibaki wanakabiliana, wakatazama juu mpaka mmoja apite.

Leontin alifariki mwezi wa pili mwaka 2010, kwa moyo. Kwaya haikumwimbia. Tulikuwa watu kumi na mmoja kaburini, na Emőke hakuwa mmoja wao.

Baada ya Pasaka alikuja maktaba. Alikuwa anatembea na fimbo sasa. Alikaa kwenye kiti chake kilekile, akaniomba kahawa, na nilipomletea alisema, kwa Kiromania, jambo lililonishangaza: "Mkichapa tena, ongeza vitabu."

Sikuelewa mara moja.

"Vilikuwa kama mia mbili," akasema. "Baba alivichoma uani, chini ya banda, kwa sababu ya mvua. Vingine vilikuwa vya babu yangu, vya Kihungaria, Pojar alikuwa amevitunza miaka yote ile vizuri, na jina la babu ndani. Baba hakuvifungua kuangalia. Mimi nilikuwa namletea. Viwili viwili, maana sikuweza kubeba zaidi. Kulikuwa na mvulana getini ananitazama. Nilimtolea ulimi."

Nilikaa chini. Hasira ilinipanda. Nilikumbuka ukumbi ule, na mgongo wa mwalimu wangu akitoka peke yake.

"Mama Emőke, mbona hukumwambia? Mara moja tu. Hata siku ile ya sahihi."

Alikunywa kahawa yake yote kwanza.

"Angefurahi," akasema. "Hilo sikuweza kumpa."

Akaondoka. Hakuna aliyekuwa na mpango wa kuchapa tena. Mradi ulikuwa umekwisha na Meya alikuwa mwingine. Nilihesabu nakala nzima zilizobaki maktaba, zilikuwa arobaini na moja. Nilichapa sentensi moja kwenye karatasi ndogo, habari za vitabu vile na za aliyevibeba, nikampelekea Emőke aisome. Akaitia sahihi. Nikaitoa kopi, nikabandika kipande kimoja katika kila nakala, chini ya swali la nane, kwa gundi nzuri.

Wiki haikuisha nakala ya kwanza ikarudi, kipande kimebanduliwa kwa kisu, kwa uangalifu kabisa, bila kuharibu ukurasa. Nilitoa gundi, nikabandika kingine.